Thairoidi iliyolegea na mipango ya mtoto: yapange kabla ya mimba

Mwongozo huu ni wa mwanamke ambaye tezi yake ya thairoidi haitoi homoni ya kutosha, au anashuku hivyo, na angependa kushika mimba mwaka huu au ujao. Nimewalenga watu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega, Busia na vitongoji vyake, kwa kuwa mawaidha mengi yanayozunguka kwenye simu yaliandikiwa watu wanaokunywa kahawa nyeusi asubuhi, wala hayajui chai ya maziwa ni kitu gani. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni kliniki ya wajawazito upande wa ziwani. Ninachotaka ukishike ni hiki: kazi kubwa ya thairoidi na mimba hufanywa kabla ya mimba.

Sababu ni ya kalenda. Mtoto tumboni haanzi kujitengenezea homoni ya thairoidi mpaka kama wiki ya 12, na hata hapo huendelea kutegemea ya mama hadi wiki ya 18 au 20 hivi, tezi yake inapokomaa. Ubongo wake haungoji. Huanza kujengwa mapema, kwa homoni ya mama. Mahitaji ya mama nayo hupanda tangu wiki ya 4 hadi ya 6, wakati wengine hawajagundua hata kwamba hedhi imechelewa. Sasa tazama mazoea yetu: wengi huja kliniki ya kwanza miezi minne imekwisha, tumbo linaonekana chini ya leso. Tukipima damu siku hiyo tukakuta thairoidi iko chini tutakutibu, na ni heri kutibu, ila zile wiki za mwanzo zimeshapita. Thairoidi iliyoachwa bila tiba huongeza hatari ya mimba kuharibika, ya shinikizo la damu la ujauzito, ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, na inaweza kugusa ukuaji wa akili yake. Ikitibiwa sawasawa, wanawake hubeba mimba na kujifungua salama, na mimi huwaona.

Hatua ya 1: Pata jibu la damu

Dalili zenyewe hazisemi wazi. Uchovu, kuhisi baridi ilhali wenzako wanajipepea, kufunga choo, ngozi kukauka, nywele kukatika, uzito kupanda, sauti kukwaruza, hedhi nzito au isiyo na mpangilio: upungufu wa damu peke yake unaweza kukuletea nusu ya hayo. Wengine hutokwa na maziwa matitini ilhali hawanyonyeshi, kwa sababu thairoidi ikishuka sana homoni ya maziwa hupanda, nayo huweza kuzuia yai kutoka. Na wapo wasio na dalili yoyote. Hupimwa tu kwa sababu mimba imekataa.

Ukiwa umewahi kupoteza mimba, umejaribu mwaka mzima bila kushika, una uvimbe shingoni, mama au dada yako ana thairoidi, una kisukari cha sindano tangu utotoni, au umewahi kupasuliwa shingo, usingoje dalili. Omba kipimo.

Omba viwili: TSH na T4 huru, yaani homoni yenyewe ya thairoidi, ile inayoandikwa FT4 kwenye fomu. T3, homoni nyingine ya tezi hiyo, huihitaji kwa kazi hii, hata kama umeiona kwenye kifurushi kinachouzwa kwa bei ya pamoja. TSH hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na ndiyo inayowachanganya watu kuliko kitu kingine. Ichukulie kama nyapara wa shamba: mfanyakazi akizembea, nyapara hupaza sauti. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, thairoidi iko chini. Nimeona mtu akishangilia kwamba "imepanda vizuri" kumbe mambo yameharibika.

Maabara nyingi huchukulia 0.4 hadi 4.0 kuwa kawaida ya mtu mzima, zikitofautiana kidogo. Kama karatasi moja imeandikwa mIU/L na nyingine µIU/mL, namba ni ileile, usihofu. T4 huru siyo hivyo. Ya pmol/L na ya ng/dL hazilinganishwi bila kupiga hesabu, kwa hiyo ukiweza baki na maabara moja. Kila karatasi ipige picha uihifadhi kwenye simu, maana makaratasi hupotea kwenye matatu.

Vitu viwili huharibu jibu. Cha kwanza ni vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, ambavyo siku hizi vimejaa madukani. Kwenye mashine nyingi bayotini huifanya TSH ionekane ya chini kuliko ilivyo, ukaambiwa uko sawa na hauko. Viache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu. Cha pili kinawahusu walio kwenye dawa: toa damu asubuhi kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo, kwa sababu saa chache baada ya kumeza T4 hupanda kwa muda.

Kuna hali moja ambayo TSH hudanganya kabisa. Mwanamke aliyevuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa yakakataa kutoka na hedhi haikurudi, huenda ni tezi ile ya ubongoni iliyoumia. Nyapara mwenyewe amenyamaza. TSH itaonekana ya kawaida huku T4 ikiwa chini. Mweleze daktari historia hiyo ya uzazi neno kwa neno, hata kama hajauliza, na usikubali kupimwa TSH peke yake.

Kuhusu mahali: kwa Kisumu kuna hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo mwenye boda ataielewa haraka zaidi ukisema "Russia". Nakuru kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo wazee bado wanaiita PGH. Kakamega ina yake, na Eldoret kuna hospitali ya rufaa ya Moi kwa kesi ngumu. Maabara za binafsi za mjini nazo hupima, na zahanati ndogo huchukua damu na kuituma. Uliza bei ya kila kipimo kabla ya kukunja mkono wa nguo. Kama umejisajili na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, uliza dirishani kabla ya kuingia maabara kama kipimo chako kinalipiwa hapo ulipo. Usajili hufanywa hata kwa simu ya kawaida, kwa *147#.

TSH ikitoka juu, omba pia kipimo cha kingamwili za thairoidi, kinachoitwa TPO. Katika sehemu ambazo watu hupata madini joto (iodini) ya kutosha kwenye chumvi, chanzo kikuu cha thairoidi kulegea ni ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari Mjapani aliyeueleza mwaka 1912, ambapo kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe. Kipimo hiki hufanywa mara moja tu. Usikubali kukirudia kila ziara, kwa kuwa jibu lake halibadilishi dozi.

Hatua ya 2: Endelea kupanga uzazi mpaka namba itulie

Hatua hii ndiyo huwachukiza wengi. Mtu ameolewa miaka mitatu, shemeji wanahesabu, halafu namwambia azidi kujikinga. Lakini ukianza dawa leo, mwili huchukua wiki 6 hadi 8 kutulia kwenye dozi mpya, kwa sababu dawa hii hupungua nusu katika damu kwa kama siku 7 na kujijenga taratibu. Kupima baada ya wiki mbili ni kutupa pesa. Dozi ikibadilishwa, hesabu huanza upya. Jipangie miezi mitatu hadi sita, ikiwahi kutulia kabla ya hapo ni faida.

Unacholenga ni TSH iliyo chini ya 2.5, bila kushuka chini ya mstari wa mwanzo wa maabara. Elewa kwamba 3.8 ambayo karatasi inaiita kawaida ni kawaida ya mtu asiyetafuta mimba. Mwanamke aliye kwenye dawa na anajiandaa kushika mimba anahitaji nafasi zaidi. Mimi hupendelea kuona majibu mawili mfululizo yakiwa mahali pake kabla ya mtu kuacha kinga, ingawa wapo madaktari wanaoridhika na moja. Ukiwa umekaribia miaka 40, ongea na daktari wako msivute muda bure.

Njia unayotumia ina maana. Sindano ya miezi mitatu hukawia kutoka mwilini, na uwezo wa kushika mimba unaweza kuchukua miezi 9 au 10 tangu sindano ya mwisho, hata zaidi. Mtu aliye kwenye sindano na anataka mtoto mwakani ni afadhali ahamie kondomu au vidonge sasa, wakati thairoidi inarekebishwa. Kipandikizi na koili vikitolewa, uwezo hurudi upesi.

Kama thairoidi yako ililegea baada ya kutibiwa kwa madini joto ya mionzi, subiri angalau miezi 6 tangu tiba hiyo. Na kama chanzo cha yote kilikuwa thairoidi iliyopanda, hata ikiwa tezi ilishatolewa zamani, mwambie daktari, kwani kingamwili za ugonjwa ule huweza kubaki kwenye damu na kumfikia mtoto.

Vipi mwenye TSH ya 3 hivi ambaye hajawahi kumeza dawa? Hapo sipendi haraka. Si kila mtu wa namna hiyo anahitaji tiba. Inategemea kingamwili, mimba zilizoharibika, na kama kuna shida ya kushika mimba. Dawa ya maisha haianzwi kwa sababu ya desimali moja.

Hatua ya 3: Jifunze kumeza kidonge

Dawa yenyewe ni levothairoksini. Hapa kwetu maboksi yanayoonekana sana ni Eltroxin na Euthyrox. Vidonge huja kwa nguvu tofauti: mikrogramu 25, 50, 100. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Ambaye tezi yake bado inajikongoja huhitaji pungufu. Dozi ataipanga daktari. Kumeza ni juu yako, na hapo ndipo tiba nyingi huharibikia.

Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Sista, dawa nameza kila siku. Sijaruka hata moja."

"Unameza na nini, dada yangu?"

"Na chai."

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa. Strungi ni ya mwisho wa mwezi, sista."

Kalisiamu ya maziwa hushikana na dawa tumboni, na sehemu kubwa hutoka bila kuingia kwenye damu. Mtu huyo ataongezewa dozi kutoka 50 hadi 75, hadi 100, na TSH itabaki palepale. Halafu siku atakayoishiwa maziwa na kunywa strungi wiki nzima, dozi ileile itamzidi. Hata strungi yenyewe na kahawa hupunguza dawa, kwa hiyo navyo vingoje.

Fanya hivi. Usiku weka gilasi ya maji na kidonge kando ya kitanda. Ukiamka saa kumi na moja na nusu, kwa adhana au kwa jogoo, meza na maji matupu, kisha endelea na shughuli zako: kuwasha moto, kuoga, kuandaa watoto wa watu. Saa kumi na mbili na nusu kunywa chai yako na mandazi kwa raha zako. Saa nzima ndiyo bora, nusu saa ndiyo mwisho.

Vitabu hutaja njia nyingine, kumeza usiku, zikiwa zimepita saa tatu au zaidi tangu ulipokula. Ni njia nzuri na utafiti unaikubali, lakini nyumba nyingi ninazozijua hupakua ugali saa tatu usiku na kulala saa nne. Labda uwe unafanya kazi ya usiku. Kwa wafungaji wa Ramadhani, kidonge kinaweza kunywewa nusu saa kabla ya daku, au wakati wa kulala kama chakula cha futari kimeshatulia. Chagua kimoja na ukishike mwezi mzima, kisha pima baadaye ujue kama kilikufaa.

Ukisahau asubuhi, meza siku hiyohiyo tumbo likiwa tupu. Ukikumbuka kesho yake, endelea kama kawaida, siku moja haiangushi nyumba.

Kisha kuna joto. Nakuru mtu anaweza kusahau jambo hili, Kisumu hawezi. Pakiti nyingi hutaka dawa ikae chini ya nyuzi 25 au 30, mbali na mwanga na unyevu. Chumba cha mabati mchana wa Februari kinapita hapo, na dashibodi ya gari ndiyo mbaya zaidi. Tafuta kona yenye ubaridi, kabati la chini au sanduku mvunguni mwa kitanda, mbali na jiko na bafu. Iache kwenye karatasi yake mpaka dakika ya kuimeza, usiimimine kwenye kichupa.

Dukani, usikubali kukatiwa vidonge kumi kwa mkasi ikiwa unaweza kumudu pakiti nzima. Mkato huo mara nyingi huondoka na tarehe ya kuharibika kwa dawa, na wakati mwingine hata na namba ya nguvu yake. Soma mwenyewe: 25 na 100 huweza kufanana ukiwa na haraka. Ukibadilishiwa kampuni kwa sababu ile yako haipo, chukua, usikae bila dawa, lakini pima TSH baada ya wiki 6. Na ununue pakiti mpya wiki moja kabla ya ya zamani kuisha, kwa sababu kuna siku famasia tatu za mtaa mmoja zote zitakwambia "rudi Jumatatu".

Moyo ukianza kudunda ovyo, mikono kutetemeka, jasho na usingizi kukataa, huenda dozi imezidi. Rudi upimwe, usiache dawa kimyakimya.

Hatua ya 4: Panga upya vidonge vingine na sahani yako

Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, ianzwe angalau mwezi mmoja kabla ya kuacha kinga, kwa kila mwanamke, awe na thairoidi au asiwe nayo. Hulinda uti wa mgongo wa mtoto. Kidonge kinachotolewa katika kliniki za serikali huchanganya foliki hiyo na miligramu 60 za madini ya chuma, na chuma ni adui wa levothairoksini kuliko hata chai. Viachanishe kwa muda wa saa nne nzima. Njia rahisi: thairoidi alfajiri, chuma baada ya chakula cha mchana au cha jioni. Saa nne hizo ni pia za kalisiamu, vitamini za wajawazito zenye madini, na dawa za kiungulia za kutafuna.

Kwa watu wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia na Kakamega kuna jambo la ziada. Maduka mengi huuza foliki ya miligramu 5, zaidi ya mara kumi ya ile ya kawaida. Mjamzito wa kaunti zenye malaria nyingi hupewa SP, dawa ya kuzuia malaria, vile vidonge vitatu anavyomeza mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13. Foliki ya miligramu 5 hudhoofisha SP. Usimeze hiyo kubwa isipokuwa daktari amekuandikia kwa sababu maalumu, kwa mfano uliwahi kupata mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo. Ukiandikiwa, mtajie muuguzi wa kliniki.

Chakula sasa, kwa ufupi, maana hapa ndipo uvumi ulipo mwingi. Kabichi na sukuma wiki vikipikwa havikudhuru, kula. Ugali wa mtama na muhogo wa Busia na Siaya nao hauna tatizo ukitoka kwenye muhogo uliolowekwa na kukaushwa ipasavyo. Muhogo uliotayarishwa haraka ndio huacha sumu inayozuia madini joto. Soya iwe mbali na saa ya dawa.

Madini joto yenyewe unahitaji mikrogramu 150 kwa siku kabla ya mimba na 250 ukishakuwa mjamzito au ukinyonyesha. Sheria ya Kenya inataka chumvi ya kupikia itiwe madini hayo, kwa hiyo nunua iliyofungwa na yenye maandishi, uifunike vizuri, na uitie chungu kikikaribia kuiva. Wanaopika mrenda au kunde kwa musherekha wajue kwamba maji yale ya majivu hulainisha mboga, ila madini joto hayana. Samaki wa ziwani ni chakula kizuri, lakini huwa na madini joto kidogo kuliko wa baharini, usiwategemee kwa hilo. Matone na vidonge vya madini joto, na unga wa mwani unaouzwa mitandaoni kama "tiba ya thairoidi", viache. Madini joto yakizidi huweza kuiangusha tezi yenye Hashimoto.

Odowa pia. Yale mawe laini ya sokoni wengi huanza kuyatafuna hata kabla ya mimba, hasa wenye damu kidogo. Udongo hushika madini ya chuma tumboni na sina imani nao karibu na dawa yoyote. Hamu ikiwa kali, pima wingi wa damu.

Hatua ya 5: Ongea na nyumba

Mume apime mbegu. Nusu ya hadithi za ugumba hubebeshwa mwanamke bila mtu kuuliza upande wa pili, na kipimo cha mwanamume ni cha siku moja.

Kuhusu manyasi, yaani dawa za kienyeji, na mazungumzo ya chira, ile laana ya kuvunja mila, sitamfundisha mtu mila zake. Nasema tu kwamba huwezi kujua kilichomo kwenye chupa wala kinavyochezeana na homoni, kwa hiyo ukilazimika kushiriki jambo la familia, usiache kidonge kwa ajili yake. Mama mkwe akiambiwa kwa upole kwamba ni tezi, kama kisukari kilivyo ugonjwa wa kiungo, mara nyingi huwa yeye ndiye wa kukukumbusha saa ya dawa.

Hatua ya 6: Ondoka kwa daktari na maagizo ya siku ya kwanza, yameandikwa

Ukichukua hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii. Kabla ya kuacha kinga, mwambie daktari: "Niandikie nitafanya nini siku ambayo kipimo cha mimba kitaonyesha mistari miwili." Miongozo ya kimataifa inapendekeza kwamba mwanamke aliye tayari kwenye levothairoksini aongeze vidonge viwili vya dozi yake kwa wiki mara tu mimba inapothibitika, yaani kutoka saba hadi tisa. Aliye kwenye 100 atatoka 700 kwa wiki hadi 900, ongezeko la karibu asilimia 29. Kivitendo, humeza kimoja kila siku, na siku mbili zilizoachana, tuseme Jumatano na Jumapili, humeza viwili.

Daktari wako anaweza kukuandikia tofauti, hasa kama moyo wako una shida, au TSH yako imekuwa ikicheza karibu na mstari wa chini, au tezi ilitolewa yote. Ndiyo maana nataka maagizo yawe na jina lako na sahihi yake. Siku yenyewe ikifika itakuwa Ijumaa jioni, daktari yuko mkutanoni Nairobi, na miadi ya karibu ni baada ya wiki tatu. Karatasi hiyo itakuokolea wiki hizo.

Basi weka kipimo cha mkojo nyumbani, na ukitumie hedhi ikichelewa siku chache, usingoje kichefuchefu. Kikionyesha mimba:

Ongeza dozi kama ulivyoandikiwa, siku hiyohiyo.
Kapime TSH ndani ya wiki hiyo, kisha kila wiki 4 hadi katikati ya mimba, na mara moja tena karibu na wiki ya 30.
Nenda kliniki mapema na umwambie muuguzi aandike "thairoidi" na dozi yako kwenye kijitabu cha mama na mtoto, ukurasa wa mbele, ili hata ukijifungulia mahali pengine waone.

Mwenye kingamwili za TPO ambaye hatumii dawa hana cha kuongeza, lakini ratiba ya kupima ni yake pia. Na mtu asikwambie uache dawa "kwa sababu una mimba". Levothairoksini ni homoni ileile ambayo mwili ungeitengeneza, haimdhuru mtoto tumboni wala kwenye ziwa.

Hatua ya 7: Mimba ikikawia

TSH ikiwa imetulia na mwaka ukapita bila mimba, muone daktari wa magonjwa ya wanawake. Ukiwa na miaka 35 au zaidi, miezi 6 inatosha kungoja. Usiendelee kumlaumu thairoidi pekee, kwani mirija, mayai na mbegu bado vinahitaji kuangaliwa, na nimeona wanawake wakipimwa TSH kila mwezi huku hakuna aliyewahi kuangalia mirija yao.

Baada ya kujifungua dozi hurudi ile ya kabla ya mimba, kwa kawaida mara moja, na TSH hupimwa tena wiki ya 6. Mtoto naye wiki hiyo ana chanjo, kwa hiyo fanya safari iwe moja: toa damu kwanza, meza kidonge chako ukishatoka maabara, kisha mngoje saa ya chai mkiwa kwenye foleni ya chanjo.